Datsun ya Marehemu Gaspari

JUMAMOSI, 24 JULAI 1993. SAA 10:00 JIONI

"Hakuna atakayeguswa," Edmund alisema. "Hilo mliweke kichwani kabla ya yote. Tunachukua gari, hatuchukui roho ya mtu."

Walikuwa watatu katika chumba cha nyuma ya duka la spea, mtaa wa Lizaboni, Songea. Dirisha limezibwa kwa gunia, mlango umetiwa komeo. Juu ya meza kulikuwa na bisibisi ndefu. Hiyo ndiyo barabara ya Namtumbo. Kiberiti kilikuwa gari. Kizibo cha bia kilikuwa lori la Bashiru, limekingama njia na kujifanya bovu.

Edmund alikuwa karani wa ghala mpaka shirika lao lilipofilisiwa na watu mia mbili wakapewa barua za kuachishwa kazi siku moja. Wenzake walirudi shamba. Yeye akajifunza kufungua pikapu za watu kwa dakika mbili. Bashiru alikuwa dereva, mtu wa Tunduru, lori lake hubeba korosho msimu ukifika na chochote kile msimu usipokuwepo. Wa tatu alikuwa fundi Hironimus, aliyekaa karibu na mlango, mikono inanuka grisi, macho hayaondoki kwenye kiberiti.

"Fundi, rudia ratiba," Edmund aliagiza.

"Misa saa mbili. Saa nne padri anabariki magari. Saa nne na nusu tunatoka mjini, mimi na Mama Walburga. Tunakwenda kaburini kwa mumewe, Mzee Gaspari, kama kila mwaka."

"Gari linaendeshwa na nani?"

"Na mimi. Halikubali mtu mwingine."

"Ndiyo maana utatekwa pamoja nalo," Edmund alisema, akatabasamu. "Ukirudi mjini utakuwa umechafuka kidogo, umepigwa kidogo, unalia. Nani atakushuku?"

Bashiru alikohoa. "Na chuma?" aliuliza. Alimaanisha bastola.

"Ya kutishia tu."

"Wallahi, iwe ya kutishia. Mimi damu siibebi kwenye lori langu."

Hebu tulieleze hili gari lenyewe, maana miaka mitatu nyuma lilikuwa kichekesho cha mtaa. Datsun ya milango miwili, rangi ya chungwa, boneti ndefu, viti viwili. Haibebi gunia, haibebi watoto. Mzee Gaspari, mpima ardhi, alilinunua mwaka 1974 Dar es Salaam kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anaacha mashindano ya magari. Mwaka 1990 kuna mtu alitaka kumpa mjane wake cherehani moja na baiskeli mbili, akajiona ametoa sana. Kisha milango ya nchi ikafunguliwa. Yakaingia magari ya mitumba kutoka Japani, ikaingia fedha ya kigeni, wakaingia na watu wanaotafuta magari ya zamani ya mbio kwa niaba ya matajiri wa Ulaya. Laki tatu. Laki nane. Milioni. Kila barua iliyofika kwa Mama Walburga ilikuwa na bei iliyoizidi ile ya kabla yake. Ya mwisho, kutoka kwa wakala wa Dar es Salaam aitwaye Daudi, ilisema milioni mbili na nusu, na kwamba angefika Songea Jumatatu.

Barua hiyo ilisomwa na Hironimus. Macho ya mama yule hayawezi tena maandishi madogo, kwa hiyo fundi alimsomea barazani, mstari kwa mstari, na jibu akaliandika yeye. Jioni ile ile akapita kwa Edmund akamtajia bei. Mambo mengine ya kwenye barua hakuyataja, hakuona yanamhusu mwizi. Edmund naye alimwinda Daudi, ambaye alifika mjini mapema, mpaka akampata Ijumaa kwenye nyumba ya wageni, akajitambulisha kuwa mpwa wa mama, akamwambia gari liko shambani njia ya Namtumbo, Jumapili saa tisa alione.

Kwa nini Hironimus? Hilo alijiuliza mwenyewe usiku na mchana, na jibu alilojipa lilikuwa hili: aliahidiwa. Alifika kwa Mzee Gaspari akiwa na miaka kumi na miwili, yatima, ana shati moja. Mzee hakuwa na mtoto. Akamfundisha injini, akamjengea banda la ufundi nyuma ya nyumba, akamwambia mara mia, "Nikifa, hili ni lako." Mzee akafa bila kuandika. Na sasa mjane analiuza. Miaka minane amelitunza bila kulipwa senti, halafu linauzwa mbele ya macho yake.

Kitu alichokuwa anakipita haraka ndani ya moyo wake ni sababu ya kuuza. Nyumba ile ilikuwa ya shirika lile lile lililomwachisha Edmund kazi. Shirika linafilisiwa, nyumba zinauzwa, waliomo wamepewa nafasi ya kwanza mpaka tarehe 31 Julai. Asiyelipa atoke. Mama Walburga hakuwa na kitu kingine cha kuuza duniani. Hironimus alijiambia mama atapata pa kwenda, ana ndugu Mbinga. Alijua vizuri kwamba ndugu wa Mbinga walikwisha kufa.

JUMAPILI. SAA 4:05 ASUBUHI

Magari kumi na tisa yalipangwa nje ya kanisa. Ni Jumapili ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, na mwaka huo sikukuu yenyewe iliangukia Jumapili hasa. Malori, Land Rover, pikipiki mbili, trekta moja, na mwishoni Datsun ya chungwa iking'aa. Padri alipita na maji ya baraka. Alipofika mwishoni alicheka.

"Hili bado liko hai?"

"Liko hai, Baba, kwa sababu ya huyu," Mama Walburga alisema, akamshika Hironimus bega. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na miwani yenye vioo vinene. "Mungu ambariki na yeye."

Padri akamnyunyizia na yeye. Matone yalimwingia jichoni. Hironimus akafuta uso kwa kiwiko na kuinama chini ya boneti kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

SAA 4:40

Njiani mama alizungumza. Kwa kawaida huwa kimya ndani ya gari lile, lakini siku hiyo alikuwa na furaha.

"Kesho huyo Daudi akija, wewe ndiye utazungumza naye. Mimi sijui bei za watu."

"Sawa, Mama."

"Tukishailipia nyumba, lile banda lako tulivunje. Tujenge la matofali."

Hironimus akabadilisha gia. Haikuwa lazima kubadilisha. Alitamani gari life pale pale, tairi lipasuke, chochote kile. Lakini alikuwa amelitengeneza vizuri mno.

SAA 5:20

Lori lilikuwa limekingama baada ya kona, boneti juu. Hironimus akafunga breki. Vumbi likawapita.

Edmund alitokea upande wa mama. Kofia ya sufu imeshuka mpaka kidevuni, imetobolewa macho. Bastola mkononi.

"Shuka, bibi! Shuka haraka!"

Mama hakushuka. Si kwa ubishi. Mkanda ulimshinda kufungua. Edmund akaufungua mwenyewe, akamvuta mkono kwa nguvu. Kitu kikalia ndani ya kifundo cha mkono wa mama. Mama akaanguka kwenye kokoto, miwani ikaruka, Edmund akaikanyaga bila kuiona.

Hakuna atakayeguswa. Ndivyo ilivyosemwa.

"Wewe dereva, usitoke! Tunakwenda na wewe!"

Hapo ndipo mama alipoinuka. Aliinuka akaishia magotini. Mkono mmoja ameukumbatia kifuani, mwingine ameunyoosha hewani kuelekea mahali alipodhani watu wapo, maana bila miwani alikuwa anaona vivuli.

"Baba zangu, chukueni gari. Kadi yake imo humo humo ndani. Chukueni. Huyo mniachie. Ni mwanangu, sina mwingine. Nawapigia magoti, wanangu, mniachie huyo tu."

Dirisha la Hironimus lilikuwa wazi. Mikono ipo kwenye usukani. Angeweza kufungua mlango. Angeweza kusema neno moja. Alitazama mbele, kwenye tairi za lori, akahesabu nati za gurudumu. Zilikuwa sita.

Bashiru alitelemsha mbao mbili nyuma ya lori. Uso wake ulikuwa umejaa jasho. "Panda, fundi," alisema kwa sauti ndogo. "Panda, tuondoke hapa."

Hironimus akapandisha gari. Mbao mbili, upana wa kiganja kila upande, na alilipandisha mara moja bila kugusa ukingo. Walilifunika kwa turubai. Lori likaondoka. Katika kelele za injini bado alimsikia mama akiita jina lake, mara nne, mara tano, mpaka kona ikamkata.

SAA 8:00 MCHANA

Bani la kukaushia tumbaku lilikuwa nje kidogo ya njia, kabla ya mchepuko wa kwenda Lusewa. Msimu umekwisha, bani tupu, kuta zimeiva moshi. Gari likateremshwa ndani. Edmund akavua kofia, akanywa maji, akacheka peke yake.

"Mmeona? Dakika sita."

"Ulisema haguswi mtu," Bashiru alisema.

"Amejiangusha."

"Mimi nina macho, Edmund. Yule ni mama mtu mzima. Umemvunja mkono."

"Utamtumia shilingi za plasta ukipata mshiko wako. Fundi! Kazi ya kwanza ni ile ya siku zote. Namba."

Akamtupia Hironimus tupa na mfuko wa stempu za kugongea chuma.

Sasa, mwizi wa magari ana desturi zake. Akishalitia mikononi, jambo la kwanza ni kuiua namba ya chesisi, ili njagu, yaani polisi, wakilisimamisha barabarani wasikute kitu. Kisha anagonga namba ya gari jingine lililokufa, ambalo kadi yake ameinunua kwa bei ya bure. Edmund alikuwa amefanya hivyo kwa pikapu saba na hakuna aliyelalamika. Kadi alikwisha kuiandaa, ya Datsun moja iliyoangukia mtoni Mbinga. Kwake gari ni gari.

Hironimus alishika tupa akakumbuka barua. Ukurasa wa pili, ule ambao hakumtajia mtu. Daudi aliandika kwamba bei zimepanda, ndiyo, lakini wanunuzi wamekuwa waoga. Wameumizwa sana. Wameuziwa magari yaliyoungwa vipande viwili, magari ya namba za kugonga, magari ya karatasi za uongo, na fedha nyingi zimepotea. Siku hizi hawanunui gari, wananunua namba. Namba ya kiwandani ikiwepo, hata likiwa na kutu, watalipa. Ikiguswa, ni chuma chakavu. Ndiyo sababu Daudi aliomba aandikiwe namba kwanza. Hironimus aliingia chini ya boneti, akainakili kwa kalamu, akaituma Dar es Salaam kwa mwandiko wake mwenyewe.

Alichotakiwa kusema ni sentensi moja tu: Edmund, usiiguse, bei yote iko hapa. Wangelipwa. Wangegawana.

Hakuisema.

Aliwaza hivi: gari lisilouzika halina mwizi. Daudi atalikataa, Edmund atalitelekeza, litarudi kwa mwenyewe. Ilionekana njia ya kutoka, na mtu aliyekwama hupenda njia yoyote. Akafungua boneti. Namba ilikuwa imegongwa kwenye bati nyuma ya injini, herufi na tarakimu ndogo, safi, yeye mwenyewe alikuwa akizipaka mafuta kila mwezi zisipate kutu. Akaweka tupa juu yake na kusukuma.

Na tukisema kweli yote, kulikuwa na jambo jingine ndani ya mkono ule. Alijua namba ile ilikuwa nyumba ya mama. Alijua, asijitetee kwamba alisahau. Lakini kila tupa ilipopita, sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa ikisema: basi, kama si langu, lisiwe la mtu. Ilikuwa sauti ndogo. Ilitosha kumpa nguvu. Kwa nusu saa namba yote ikawa unga wa chuma kwenye vidole vyake, akagonga nyingine juu yake, tarakimu moja baada ya nyingine, kazi nzuri ya fundi mzuri.

SAA 9:10

Daudi alikuja na Toyota pikapu, peke yake. Mtu mfupi, shati jeupe, tochi kwenye mfuko wa shati na kioo cha kukuzia maandishi kimening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alisalimia wote kwa mkono. Alimtazama Hironimus kidogo zaidi ya wengine, kwa sababu ya ile grisi.

"Wewe ndiye unayelitunza?"

"Ndimi."

"Hongera. Linaonekana."

Hakulizunguka kama wanunuzi wengine. Hakupiga teke tairi. Alifungua boneti, akawasha tochi, akatoa karatasi mfukoni na kusoma. Akasoma bati. Akasoma karatasi tena. Kisha akapitisha kidole juu ya namba, polepole, akakitazama kidole chake. Kilikuwa na unga unaong'aa.

Alizima tochi. Akafunga boneti taratibu sana.

"Nani kafanya hivi?"

"Kafanya nini?" Edmund akauliza.

"Bwana, karatasi hii ina namba ya gari hili. Mama mwenyewe kaniandikia. Hiyo iliyopo hapo imegongwa leo, haijapoa. Mlikuwa na milioni mbili na nusu. Sasa mna bati lenye rangi nzuri."

"Tushushe bei. Milioni."

"Hata laki sitoi. Mteja wangu akipeleka gari hili kwenye mnada Ulaya atafungwa." Daudi alikuwa tayari anarudi nyuma kuelekea kwenye pikapu yake, viganja vinaonekana. "Mimi sikuona kitu. Sijafika hapa."

Pikapu iliondoka kwa kasi. Vumbi lilipotua, Edmund aligeuka.

"Fundi. Barua ulisoma wewe."

Hironimus alifuta unga wa chuma kwenye suruali.

"Namba ulimwandikia wewe. Kwa hiyo ulijua. Ulinitazama nikikupa tupa, na ulijua."

"Nilijua."

Edmund hakutukana. Alitoa bastola tu. Bashiru akamrukia mkono, risasi ikatoka, na Hironimus akaona vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havipo tena. Maumivu yalichelewa. Damu haikuchelewa.

"Nilisema damu hapana!" Bashiru alipiga kelele. "Nilisema mbele yako!"

"Toka, nimmalize!"

"Mmalize, utatembea kwa miguu mpaka Tunduru! Funguo za lori ninazo mimi!"

Mlio ulikuwa umesikika. Upande wa mashamba watu walianza kuitana, "Mwizi! Mwizi!" na sauti zikawa zinasogea. Edmund alitazama mlango, akamtazama Hironimus, akapiga hesabu yake. Dakika moja baadaye lori lilikuwa njiani kuelekea mashariki, na yeye ndani yake. Songea haikuwaona tena wale wawili, wala lile lori.

Wakulima walipoingia na mapanga wakamkuta mtu amekaa chini karibu na gari la chungwa, mkono umefungwa kwa shati, analia. Hawakuuliza maswali. Wao ndio walioamua kwamba ametekwa, na yeye akawaachia waamue.

SAA 1:15 USIKU

Aliliendesha hadi mjini kwa mkono mmoja, mkulima mmoja amekaa kando akimbadilishia gia. Nyumbani kwa Mama Walburga uani kulijaa watu, wanasali rozari kwa ajili yake. Mama, ambaye wapita njia walimwokota na kumfikisha hospitali, alikuwa kwenye mkeka, mkono umefungwa plasta, hana miwani. Alisikia injini kabla ya wote.

"Ni lile! Hiro! Ni Hiro?"

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikia marahaba. Alimpapasa uso, kichwa, mabega, akafika kwenye mkono wenye shati la damu, akaukamata na kulia kwa sauti. Watu wakapiga vigelegele. Polisi aliyekuwa anachukua maelezo alimpa mkono na kumwambia taifa linahitaji vijana wa aina yake. Hospitali walimshona bila kumdai. Usiku huo hakulala hata dakika moja, na wala si kwa sababu ya vidole.

JUMATATU. SAA 5:10 ASUBUHI

Majirani walileta unga na kuku wawili. Kila aliyepita aligusa gari. Hironimus alikaa kwenye kiti cha Mzee Gaspari, kwa amri ya mama, anakunywa uji aliokorogewa na mama kwa mkono mmoja.

Toyota ikasimama nje.

Daudi aliingia akiwa amevua kofia. "Hodi. Namtafuta Mama Walburga. Mimi ni Daudi, niliandika barua." Kisha akamwona aliyekaa kwenye kiti. Bandeji, grisi, uso ule ule.

"Karibu, baba, karibu!" Mama alisema. "Umetukuta na makubwa. Jana tumetekwa. Huyu mwanangu amepigwa risasi akilipigania gari. Lipo, amelirudisha. Liangalie."

Hironimus aliweka kikombe chini na kusubiri. Aliona ni mwisho, na ndani yake kitu kikalegea, karibu ashukuru.

Daudi alilifungua boneti kwa adabu tu, akalifunga. "Mama," alisema, "namba yake imefutwa."

"Majambazi wamefuta?"

"Imefutwa na mtu anayejua kazi." Hakumtazama Hironimus. "Siwezi kulinunua."

"Hata kwa nusu ya ile bei? Mimi nahitaji milioni na nusu tu. Ya nyumba."

"Ingekuwa mwaka jana wangelipa bila kuinua boneti. Sasa hivi wanaogopa hata kivuli. Samahani sana, mama yangu."

Alisema hivyo akatoka. Hironimus alimfuata hadi kwenye pikapu.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuja tu ili mama asiendelee kunisubiri. Nina safari ya siku mbili na sitaki kuisafiri nikiwa shahidi," Daudi alijibu, akiwasha gari. "Yako ni yako."

Kwa hiyo alikuwa amepona. Edmund hayupo, Bashiru hayupo, Daudi hatasema kitu. Hakuna kiumbe chini ya jua aliyebaki wa kumtaja.

Alirudi barazani. Mama alikuwa amekaa vile vile, plasta mapajani.

"Zimebaki siku sita," alisema. "Haziwezi kutosha." Kisha akasikia kwamba Hironimus analia, akanyoosha mkono mzima akamshika goti. "Usilie, mwanangu. Ni nyumba tu, ni matofali. Pale barabarani nilimwomba Mungu kitu kimoja, na amenipa. Nitalala popote. Acha kulia, utafumua nyuzi."

Angestahimili tusi. Angestahimili kofi. Hili lilimshinda.

"Mama, namba nimeifuta mimi."

"Walikulazimisha."

"Hawakunilazimisha. Ratiba niliwapa mimi. Bei niliwatajia mimi. Wale walikuwa wenzangu. Nilijua kila kitu tangu mwanzo."

Mkono ulibaki kwenye goti lake kwa muda. Haukuondoka kwa hasira. Uliondoka kidole kimoja kimoja, kama mtu anayeachia kitu cha moto asitake kukimwaga. Mama aligeuza uso kuelekea alipokuwa, macho yake yasiyoona vizuri yakamtafuta.

"Nilipopiga magoti," aliuliza, "dirisha lako lilikuwa wazi?"

"Lilikuwa wazi."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia, Mama. Neno kwa neno."

Mama Walburga alitikisa kichwa mara kadhaa. Hakupiga kelele. Hakuita jirani. Alishika ukuta, akainuka, akaingia ndani, na Hironimus akasikia kitasa kikizungushwa kwa taabu na mkono mmoja.

SAA 6:30 MCHANA

Alitembea kwa miguu mpaka kituo cha polisi. Njiani watu watatu walimpongeza, mwanamke mmoja akampa chungwa. Alipoingia, polisi wa jana alikuwa zamu. Alisimama nyuma ya meza, uso umejaa tabasamu, akanyoosha mkono.

"Shujaa wetu! Vidole vinaendeleaje?"

Hironimus hakuupokea ule mkono.

"Kaa, afande," alisema. "Andika."